Samaki wa Kumi na Mbili

Kailash alimtambua samaki kabla hajamtambua mwizi wake. Samaki alikuwa ndani ya sanduku la kioo, amekaushwa na kupakwa vanishi, ametundikwa juu ya meko katika ukumbi wa chama cha wavuvi wa ndoano kule Teddington, kando ya mto Thames, London. Chini yake palikuwa na kibao cha shaba kilichosema: trauti, ratili kumi na moja, Nyeri, Kenya, 1954, amevuliwa na G. R. Whitcombe. Kailash alikuwa amekuja kujiandikisha uanachama. Kalamu ikamkaa mkononi, akasahau hata jina lake linavyoandikwa.

Maana yule samaki hakuvuliwa na Whitcombe hata kidogo. Alivuliwa na baba yake Kailash, na Kailash alikuwepo.

Mzee Jitendra alikuwa fundi saa mjini Nyeri, na alikuwa na wazimu mmoja tu. Nyumba yao ilikuwa ya Wahindu wa Kigujarati wasiogusa nyama, wala samaki, wala yai. Hata hivyo kila Jumapili mzee alishuka mtoni na ufito wake kuvua trauti. Kila aliyemnasa alimtazama, akamsifu, akamrudisha majini. Mkewe Pushpa alimwambia kwamba hata mwizi huiba kwa njaa, lakini yeye anawasumbua viumbe wa Mungu kwa shibe. Mzee alicheka, na Jumapili iliyofuata akaenda tena.

Mto wenyewe ulikuwa wa Wazungu. Maji yalishuka kutoka mlimani bila kuuliza rangi ya mtu, lakini vibali vilitolewa na klabu ya walowezi, na klabu haikumpa Mhindi kibali. Mwafrika hata hakupoteza muda wake kuomba. Siku mzee alipomnasa yule trauti mkubwa, Whitcombe, aliyekuwa katibu wa klabu, alitokea vichakani na askari wawili. Alimpokonya samaki wakati mzee anamtoa ndoano mdomoni. Akauvunja ufito juu ya goti lake. Mzee aliposema kwamba hali samaki, alitaka kumrudisha tu majini, Whitcombe akamjibu kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha: "Wewe hata hapana kula samaki. Nataka ya nini?" Kisha akamtwika samaki yule yule, akamwamuru ambebe mpaka mlango wa jikoni wa klabu, apite katikati ya mtaa wa maduka, watu wa kwao wakitazama, na Kailash, mtoto wa miaka kumi, akimfuata nyuma.

Wiki ya pili picha ya Whitcombe ilitoka gazetini, yeye na samaki, meno nje wote wawili. Mzee alipowaambia watu kwamba yule ni samaki wake, walimcheka. Mzungu aibe samaki? Na shahidi wako ni nani, mwanao? Tangu hapo hakununua ufito mwingine. Alibaki na maneno mawili, ambayo aliyatoa ghafla wakati wowote, akifunga kioo cha saa au akinywa chai: "Samaki wangu." Aliyasema kwa Kiswahili. Nyumbani walisema Kigujarati, lakini Kigujarati cha Mzee Jitendra kilikuwa cha mkewe na cha sala. Hasira zake zote aliziweka katika Kiswahili.

Februari ya mwaka sitini na nane walipanda ndege pamoja na wenzao waliowahi London kabla Uingereza haijawafungia mlango Wahindi wa Kenya, wakaishia mtaa wa Queensbury. Kailash alifungua duka dogo la kutengeneza saa karibu na stesheni. Mzee, ambaye uzee ulimkuta hana kazi wala mto, alipata heshima mahali pamoja, nayo ilikuwa jikoni mwa hekalu. Kila Jumapili ni yeye aliyeviringa ladu za sadaka, yale madonge matamu ya unga, kwa sababu wakubwa walisema mikono yake haijawahi kuonja damu. Vijana walimpisha. Wanawake waliokuwa na wagonjwa nyumbani waliomba ladu aliyoiviringa yeye, si mwingine. Mtu aliyewahi kubebeshwa samaki mbele ya mtaa mzima anajua thamani ya heshima ya namna hiyo.

Aliyempeleka Kailash kwenye chama alikuwa Njoroge, dereva wa basi, mtu wa Nyeri vilevile, aliyekuja kusomea uhasibu akaishia kuendesha abiria wa Edgware. Njoroge alileta saa yake itengenezwe, wakaanza kuzungumza habari za kwao, na kabla saa haijapona walikuwa wameshakubaliana kwenda kuvua. Ndiyo Kailash akajikuta chini ya lile sanduku la kioo. Alimwuliza Njoroge huyu Whitcombe ni nani hapa chamani. Njoroge akamwonyesha mzee mrefu mwenye masikio mekundu: ndiye mwenyekiti wa kampeni.

Mwenye akili angeondoka. Kailash alilipa ada yake, akajiandikisha, kisha akamwandikisha na baba yake kwa barua. Kwa mwaka wa pili sasa alikuwa akimpeleka mzee mtoni kila Jumamosi, amemfunika blanketi, amemkalisha kwenye kiti cha kukunja, na mzee alikuwa akimshikia ufito wakati yeye anamimina chai. Ukumbini hakumpeleka hata siku moja. Habari za sanduku la kioo alizimeza peke yake, zikamkaa tumboni.

Kampeni yenyewe ilikuwa hivi. Mto Thames ulikuwa umekufa kwa uchafu tangu zama za mababu. Sasa ulisafishwa, na samaki wa salmoni wakaanza kuonekana tena. Wavuvi walitaka msimu wao: wiki sita kwa mwaka za kumvua salmoni kwa kibali, bila kujificha. Mamlaka ya maji ilisita. Ilisema kwamba mtu akivua samaki wengine na salmoni akanasa kwa bahati, ajaze fomu na kupeleka magamba machache ndani ya bahasha. Zikifika fomu kumi na mbili za kweli kabla ya mwisho wa Agosti, itaitisha kikao na kuufikiria msimu. Basi wale wazee wa Kiingereza wakaandika barua mpaka vidole vikavimba. Walisimama stesheni na mabango, mvua ikiwanyeshea, wakiomba sahihi za watu wasiojua tofauti ya salmoni na dagaa.

Magamba yalipelekwa kwa Kailash. Gamba la samaki lina duara ndani ya duara kama gogo lililokatwa, na anayezisoma anajua umri wake na kama ametoka baharini kweli. Kailash alikuwa na lenzi ya jichoni na mkono usiotetemeka, tena mwandiko wake ulikuwa safi, kwa hiyo kazi ya fomu zote ikawa yake. Whitcombe hakumtambua. Kwake Mhindi ni Mhindi, kama punje ya mchele ilivyo punje ya mchele. Alimwita "Fundi", na kwenye mikutano alipenda kuwaonyesha wenzake Kiswahili chake: Fundi, lete chai. Wenzake wakacheka kwa adabu. Kailash alileta chai, miaka miwili mizima alileta chai, na kila kikombe alichokiweka mbele ya yule mtu alikiweka huku akimwangalia samaki wa baba yake juu ya kichwa chake na kusema moyoni, subiri.

Hadi Agosti kukaribia mwisho, fomu zilikuwa kumi na moja. Siku moja kabla ya muda kwisha, Whitcombe aliingia dukani asubuhi na bahasha ya magamba, uso umemng'aa. Alikuwa amemnasa salmoni alfajiri, peke yake, ratili nane, na kwa sababu ndoano ilikuwa imemezwa alimuua, akampeleka nyumbani, akamla. Alisimama mbele ya kaunta akitaja mahali, saa, uzito, huku Kailash akiandika kwenye karatasi ya rasimu. Kisha akatoa agizo moja: mtu yeyote asijue. Yeye anaondoka mchana huo kwenda Scotland kwa wiki tatu, na akirudi atatangaza mwenyewe mbele ya kikao kwamba samaki wa kumi na mbili, samaki aliyeufungua mto, ni wake. Akagonga kaunta kwa kidole, akatoka.

Mungu anapokuletea adui yako mkononi namna hiyo, akufanyie nini tena? Akushikie na kalamu?

Kailash alifunga mlango wa duka, akachukua fomu mpya. Yale magamba aliyaweka chini ya lenzi, yalikuwa ya kweli kabisa. Penye jina la mvuvi aliandika: Jitendra. Alinakili mahali, akanakili saa, akanakili uzito, akanakili kila neno lililobaki kama lilivyotajwa, akatia magamba kwenye bahasha na kukimbia posta kabla haijafungwa. Moyo ulimdunda kwa furaha ya kuiba. Haraka haraka haina baraka, na Kailash alilijua hilo tangu shule ya msingi, lakini nani anayekumbuka methali akiwa anakimbia posta.

Jioni alimweleza baba yake yote: sanduku la kioo, kibao cha shaba, chai za miaka miwili, fomu. Mzee alisikiliza mikono imetulia magotini. Aliuliza kwanza kama yule mtu bado ana nguvu za kutembea. Kailash akasema anazo. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, samaki ana ratili ngapi.

"Nane, Bapuji."

"Wangu alikuwa kumi na moja," mzee alisema. "Basi bado tatu."

Gazeti la mtaani lilipata habari kutoka kwa mamlaka, likaandika juu ya mzee fundi saa kutoka Kenya aliyemnasa salmoni wa kumi na mbili. Majirani walileta mashada ya maua. Wajukuu zake waliozaliwa London wakamwita babu yao shujaa, kwa Kiingereza. Siku nne nzima Mzee Jitendra alitembea Queensbury kifua mbele, na Kailash alipomtazama alijiona amelipa deni la utoto wake. Siku ya tano ilikuwa Jumapili.

Kanti, muuza mboga, ndiye aliyekuwa katibu wa hekalu, mtu anayesoma gazeti mpaka anwani ya mpiga chapa. Alilileta jikoni, akawasomea wote kwa sauti huku mzee akiviringa ladu. Alisoma mahali, akasoma saa, akasoma uzito. Kisha akasoma kwamba samaki hakurudishwa mtoni, bali mvuvi alimla. Akairudia sentensi ile kimoyomoyo, midomo ikicheza. Wanawake waliokuwa wakikaanga mikate ya puri waligeuka kuitazama mikono ya mzee, ambayo ilikuwa imezama ndani ya unga wa sadaka hadi vifundoni.

Kanti hakuwa mtu mbaya. Alisema bila shaka gazeti limekosea, magazeti hukosea, na kwa bahati nzuri kuna kikao cha hadhara baada ya wiki mbili. Yeye na wakubwa wengine watakuja. Mzee aseme tu pale, mbele ya watu, kwamba hakula, na mambo yaishe. Mpaka hapo, alisema kwa upole, mzee apumzike kuviringa ladu.

Kailash alipoambiwa alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amebadilisha jina, akasahau tumbo. Fundi saa anayeweza kuona kijigurudumu chembamba kuliko unywele ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba baba yake, Mhindu asiyejua hata yai, amekula samaki mzima! Ilibidi amweleze mama yake ukweli wote. Mama Pushpa hakupandisha sauti. Alisema mrudishieni yule mtu samaki wake, na hakuna jingine la kusema.

Whitcombe aliporudi kutoka Scotland hakugomba kama Kailash alivyotarajia. Alikuja dukani, akaweka gazeti juu ya kaunta, akalisema jina la Jitendra polepole, kisha akasema Nyeri, kisha akasema fundi saa. Alikuwa amekumbuka hatimaye. Kailash alimtazama bila kuficha kitu na kumwuliza kama imeuma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na binadamu huyu alikuwa amejaa damu usoni. Hakuwa na shahidi. Samaki alimvua peke yake, akamla peke yake, na fomu ilikuwa kwa mwandiko wa Kailash. Lakini Whitcombe aliweka ukucha wake juu ya neno moja tu la gazeti, akatabasamu. Baba yako hali samaki, alisema. Aliniambia mwenyewe. Nitamwuliza mbele ya watu wake.

Kikao kilifanyika ukumbini, Jumamosi mchana, chini ya yule trauti. Wavuvi walijaa mpaka madirishani. Kanti na wakubwa watano wa hekalu walikaa safu ya nyuma, mashali mabegani. Mezani alikaa Bi Priscilla, afisa wa mamlaka ya maji, mama mwenye haraka aliyekuja na mafaili kumi na mbili. Mzee Jitendra aliingia akishikwa mkono na mwanawe, akainua macho, akamwona samaki wake kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minane. Akaubana mkono wa mwanawe.

Whitcombe alisimama, akadai samaki wa kumi na mbili ni wake na fomu imeghushiwa. Minong'ono ikazuka. Wengi walimwonea aibu. Walikuwa wameshachoka kusikia habari za trauti wake, na sasa wakaona kijicho cha mzee asiyetaka mwenzake apate. Bi Priscilla aliwanyamazisha. Alieleza kwa ufupi kwamba fomu isiyojulikana mwenyewe itafutwa, na fomu zikiwa kumi na moja hakuna msimu. Atamwuliza mzee maswali machache, yakiisha vizuri basi. Mzee Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, na Whitcombe akamkataa Kailash asitafsiri. Ndipo Njoroge akaitwa mbele, atafsiri kwa Kiswahili. Njoroge alikuwa ameshadokezwa na Kailash yaliyopo, na alikwenda mbele kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Whitcombe aliomba swali moja. Fomu inasema samaki aliliwa. Je, huyu bwana, mbele ya wazee wa dini yake waliokaa kule nyuma, anasema kwamba alimla? Ukumbi mzima uligeuka kuwatazama wakina Kanti, na Kanti akampa mzee ishara ya kichwa, ya kumtia moyo, kwamba aseme tu hapana.

Kabla Njoroge hajafungua mdomo, Whitcombe aliinama karibu na sikio la mzee, akazungumza chini chini kwa Kiswahili chake.

"Jitendra, sikia. Wewe sema samaki hii ni yangu. Mimi nasema ile ya Nyeri ni yako. Leo, mbele ya watu yote. Natoa jina yangu ukutani."

Bi Priscilla aliuliza wanasema nini. Njoroge akajibu kwamba wanasalimiana.

Kailash, aliyesimama kando ya baba yake, alisikia kila neno. Kubali, Bapuji, alisema moyoni, kubali. Hiki ndicho kitu pekee walichokuwa wamekitaka tangu siku ile ya mtaa wa maduka, nacho kimeletwa kwenye sahani: samaki wa kweli, jina la kweli, mikono safi, ladu zake Jumapili. Kilichotakiwa ni kumwachia yule mtu salmoni wake wa ratili nane. Hata msimu ungepona, kwa kuwa fomu ingepata mwenyewe. Aliona baba yake akimtazama trauti ukutani, akimtazama kwa utulivu, kama alivyokuwa akiwatazama wote zamani kabla ya kuwarudisha majini. Kisha mzee akamgeukia Whitcombe, na Kailash akayaona macho yake, akajua kwamba hamna samaki atakayerudishwa leo.

"Bwana, yule wa Nyeri umemla miaka ishirini na minane," mzee alisema kwa Kiswahili safi, bila haraka. "Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?" Akamwangalia Njoroge. "Waambie nilimla."

Njoroge hakutafsiri. Alimtazama Kailash, halafu akainama. "Mzee, fikiria tena. Watu wa hekalu wako hapo nyuma."

"Nimewaona. Waambie nilimla, na waambie alikuwa mtamu."

Njoroge akawaambia. Bi Priscilla akaandika, akafunga faili la kumi na mbili, na wavuvi wakapiga makofi mpaka vioo vikatikisika. Whitcombe alibaki amesimama. Alikuwa akisema ni mwongo, huyu mtu ni mwongo, lakini makofi yalimfunika, na waliomsikia waligeuza nyuso pembeni kwa haya. Mzee Jitendra alimtazama wakati wote huo. Hakutabasamu, hakupepesa. Alimla yule mtu kwa macho, tonge kwa tonge, na alipotosheka ndipo akakaa. Kule nyuma Kanti alisimama, akaikunja shali yake mara nne, akatoka, na wale watano wakamfuata mmoja mmoja.

Msimu ulikubaliwa baada ya mwezi. Whitcombe alijiuzulu uenyekiti. Mtu akishashukiwa kwa samaki mmoja hushukiwa kwa wote, na wavuvi walikuwa wameanza kukitazama kile kibao cha shaba wakiulizana maswali. Basi asubuhi moja alikuja, akalishusha sanduku la kioo mwenyewe, akaondoka nalo, hakuonekana tena. Hivyo yule trauti alikwenda zake chini ya kwapa la mwizi wake, jina la mwizi bado limo juu yake, na Mzee Jitendra hatampata katika maisha haya. Kwenye hekalu walimwomba apumzike ladu kwa muda usiotajwa. Mama Pushpa, ambaye aliujua ukweli, hata hivyo alimtengea mumewe sahani yake na bilauri yake, asiguse vyombo vya wengine. Alisema yeye hamwadhibu kwa samaki ambaye hakumla. Anamwadhibu kwa sababu alisema alikuwa mtamu.

Kailash alijiambia kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alidhani mambo yameishia hapo.

Jumatano moja mchana mzee alishuka dukani, akageuza kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, akamwambia mwanawe aende kwa muuza samaki anunue kipande cha salmoni. Kailash alidhani hajasikia vizuri.

"Yule aliiba akasema uongo maisha yake yote," mzee alisema. "Mimi si yeye. Nimesema mbele ya watu kwamba nilimla. Basi lete nimle."

Kailash alimsihi. Alimwambia kosa ni lake yeye aliyeandika, kwamba ataandika barua kwa Bi Priscilla kesho, ataungama yote. Mzee alimwuliza kama barua hiyo itamrudishia Whitcombe samaki wake. Kailash akasema ndiyo. Mzee akasema, basi nenda kwa muuza samaki.

Kailash alikikaanga kipande kile katika chumba cha nyuma, juu ya jiko dogo la gesi walilotumia kuchemshia chai, katika kikaango kipya ambacho kingetupwa. Moshi wake uliingia kwenye saa zote za wateja. Mzee alinawa, akakaa, akavunja tonge la kwanza kwa vidole vile vilivyokuwa vikiviringa ladu, akalitia mdomoni. Alifumba macho, machozi yakamtoka, akameza. Akavunja la pili. Hakuharakisha, wala hakusema maneno yake mawili ya zamani. Alipofika nusu alisimama, akanywa maji, akaisukuma sahani hadi mbele ya Kailash.

"Na wewe," alisema. "Jina uliliandika wewe."

Kailash, ambaye maishani mwake alikuwa hajaonja hata yai, alivuta stuli ya kazi, akanawa mikono, akala.